Shangazi, tundu la sindano limenikimbia

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni fundi, nipo Magomeni, umri wangu miaka 48. Mchana nashona cherehani kibarazani: sare za shule, magauni ya vitenge, kupunguza suruali, kubadili zipu. Usiku watoto wakishalala nadarizi kofia za viua kwa mkono. Nilifundishwa na mama, naye alifundishwa Unguja na mama yake. Kofia moja hunichukua miezi, lakini ndizo zilizowasomesha wanangu, siwezi kuziacha.

Tatizo lilianza mwaka juzi. Kutunga uzi kukawa kazi ya mtoto wangu wa mwisho. Akienda shule, nasubiri arudi. Nikanunua miwani kwa machinga Kariakoo, Sh5,000, wala sikuangalia namba. Nilivaa, nikaona maandishi ya gazeti, nikalipa. Kwenye cherehani inanisaidia. Nikishika kofia, hapana. Inabidi niisogeze mbali ndipo itulie, na nikiisogeza mbali viua vinakuwa kama punje za mchanga.

Mwezi uliopita nikaharibu kazi ya watu. Mteja aliniletea baibui jeusi nimpachikie shanga nyeusi mikononi. Nikashona usiku, asubuhi nakuta mstari umepinda na mkono mmoja nimetumia uzi wa bluu iliyokolea. Nilifumua siku nzima. Na kuna kofia nimeruka safu ya viua kwenye mshipi, sikugundua mpaka nilipoifua. Hadi leo imekaa ndani ya mfuko, sina hamu nayo.

Nikanunua kioo cha mkono kilichoandikwa 10X, na kile kikombe cheusi wanachobana mafundi saa jichoni, kimeandikwa 30X. Kioo kinataka mkono mmoja. Sasa nishone kwa mguu? Kile cha fundi saa kinanionyesha uzi mkubwa kama kamba ya katani, lakini sindano haipati pa kupita kati ya uso wangu na kitambaa.

Sasa binti ya dada yangu yupo Muscat, anakuja mwezi ujao, amesema nimwagize. Kanitumia picha: taa ya mezani yenye kioo cha duara katikati, kioo cha kuning'iniza shingoni, kitu cha kuvaa kichwani chenye lenzi mbele na kitaa juu, na vilenzi vya kubana kwenye miwani. Vimeandikwa 2X, 5X, 8D, sielewi kitu. Mchezo umenidondokea, nimetenga Sh150,000. Nichukue kipi, na namba gani?

Jirani ananiambia macho yakizoea vioo yanadeka, mwisho yanakufa kabisa. Naogopa, maana mama yangu ninayeishi naye kofia zilimla macho. Sasa hivi ana weupe katikati ya jicho na watu anawatambua kwa sauti.

Fundi wa Magomeni, Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hujamjibu binti wa Muscat, chukua futi yako hapo shingoni. Kaa kwenye cherehani kama unavyokaa siku zote, usijinyooshe kwa sababu unapimwa. Huyo mtoto wako mtunga uzi apime kutoka pembeni ya jicho lako mpaka kwenye sindano. Andika inchi ngapi. Kisha shika kofia unavyoishika ukidarizi, mahali ambapo mikono yako inataka iwe, hata kama huoni vizuri, apime tena. Nikibahatisha, cherehani itakupa kama inchi 16 na kofia kama 10. Hizo namba mbili ndizo zitakazochagua kioo. Picha za Muscat ziweke pembeni kwanza.

Yaliyokupata ni haya. Ndani ya jicho kuna lenzi. Ujanani ni laini. Ukitazama kitu cha karibu inajibinua, ukitazama mbali inatulia. Kuanzia miaka 40 hivi inaanza kukakamaa. Haijibinui tena vya kutosha, na mahali pa karibu kabisa unapoweza kuona vizuri panazidi kwenda mbali mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana watu wa rika letu tunasoma ujumbe wa simu kama tunampa mtu mwingine aishike. Miwani ya kusomea inaongeza ule ubinukaji uliopungua, basi. Haidekezi jicho. Namba itapanda mpaka unapokaribia miaka 60 na kitu, uvae usivae, kisha itatulia. Jirani yako ameona watu wakivaa miwani kisha namba zikapanda, akadhani miwani ndiyo iliyopandisha. Ni sawa na kulaumu mwavuli kwa mvua.

Sasa hesabu, na nimeipenda kwa sababu ni ya inchi, kipimo chetu. Chukua 40, gawa kwa inchi zako. Jibu ndilo namba ya miwani inayotazama umbali huo. Inchi 16: 40 gawa kwa 16 ni 2.50. Inchi 20: 2.00. Inchi 10: 4.00. Hii ni kwa mtu anayeona mbali vizuri bila miwani na ambaye lenzi yake ya ndani imeshakakamaa kabisa. Wewe wa miaka 48 bado una nguvu kidogo iliyobaki, kwa hiyo namba yako inashuka. Kwenye cherehani huenda 1.75 au 2.00 ikakutosha. Lakini umeona tatizo liko wapi? Miwani uliyoinunua kwa kusoma gazeti ni ya umbali wa gazeti. Cherehani iko karibu na umbali huo, ndiyo maana inakubali. Kofia iko inchi 10. Hujanunua miwani mbovu, umeipeleka mahali si pake.

Na hapa ndipo penye siri ya vioo vyote hivyo. Kitu ukikisogeza nusu ya umbali, kinaonekana kikubwa mara mbili. Mtoto wako hana kioo chochote, ila anaweza kuleta sindano inchi 5 kutoka usoni na bado ikatulia. Anaona tundu kubwa kwa sababu liko karibu. Kioo cha kukuza kinakuruhusu na wewe usogee karibu kama yeye. Kwa hiyo kila kioo chenye nguvu kinadai malipo ya inchi. Ukitaka kuona kikubwa zaidi, unasogea zaidi, unaona eneo dogo zaidi, na kitambaa kikipanda au kushuka kidogo tu kinapotea kwenye ukungu.

Zile X sasa. Kwa hesabu iliyozoeleka, mara 1 ni kitu kilicho inchi 10 kutoka jichoni. Ukitaka mara 10 za kweli, lazima kitu kikae inchi 1 kutoka kwenye lenzi. Sindano yenyewe ni ndefu kuliko hapo! Ndiyo maana kile cha fundi saa kimekushinda, na hata kikiwa na 10 tu badala ya 30 kilichoandikwa kingekushinda vilevile. Fundi saa anashika kibano kifupi, hana uzi wa kuvuta mpaka mkono unyooke. Usikitupe, kitumie kukagua ncha ya sindano kama imejikunja, au kuangalia ubora wa ufumaji wa kitambaa kabla hujakilipia. Si chombo cha kushonea.

Kuhusu kile kioo cha mkono cha 10X, nina wasiwasi si 10X. Lenzi moja pana kama kisosi haiwezi kuwa na nguvu hiyo. Ipime. Simama ndani mchana, mbele ya ukuta unaotazamana na mlango ulio wazi. Weka kioo karibu na ukuta, kisha kirudishe nyuma taratibu kuelekea mlangoni. Utaona picha ndogo ya nje inajichora ukutani, imepinduliwa: mwembe wa jirani kichwa chini, bajaji inapita na matairi juu. Picha ikitulia, mtoto apime kutoka kwenye kioo hadi ukutani. Chukua 10, gawa kwa inchi hizo. Ukipata inchi 5, kioo chako ni mara 2. Jaribio hili unaweza kulifanya hata dukani Kariakoo ukiwa na futi kwenye mkoba, na uso wa muuzaji wakati huo ni burudani ya peke yake.

D ni dayopta, ndiyo ileile namba ya miwani. Kwa hiyo 8D maana yake 40 gawa kwa 8, inchi 5. Ukiona D umeshajua umbali, ndiyo maana naiamini kuliko X. Wauzaji wengine huongeza 1 kwenye X zao: taa ya dayopta 5 utaikuta imeandikwa 2.25X, wakati kwa hesabu ya kwanza ni 1.25. Hawajadanganya, wanatumia hesabu nyingine. Ila wewe ukilinganisha ya huyu na ya yule utajichanganya, kwa hiyo uliza D au uliza umbali. Muuzaji akishindwa yote mawili, endelea na safari yako.

Haya, picha za Muscat.

Kioo cha shingoni. Kinaning'inia kwa kamba na kinaegemea kifuani kwa vijiguu. Kwa bei ni rafiki, na mikono inabaki huru. Huwa ni lenzi pana ya plastiki ya kama mara 2, na pengine kijiduara kidogo chini chenye mara 4. Nilikuwa nacho. Kila nikivuta pumzi kinapanda, nikishusha kinashuka, na kwa joto la Dar la Februari kile kiguu kinagandana na kifua kama plasta. Kuna wanaokipenda wanaofuma wamekaa wima kwenye kiti cha kuegemea. Wewe unayeinama na kofia, hapana.

Taa yenye kioo ni nzuri, ila kwa kazi yako moja tu: lile baibui la shanga, kitu kinacholala mezani na kutulia. Unaweka kioo juu yake, unatazama kwa macho yote mawili, taa inamulika kutoka kuzunguka kioo. Nyingi ni dayopta 3 au 5. Chukua 3, kitambaa kinaweza kukaa hadi kama inchi 13 chini ya kioo na mkono unapata nafasi ya kuvuta uzi. Kwenye 5 unabaki na inchi 8, mkono unaovuta uzi unaanza kugonga kioo. Miwani yako ya kusomea usiivue, ivae hata unapotazama kupitia kioo. Kama kuna lenzi ya glasi na ya plastiki, glasi ni nzito lakini haikwaruziki upesi. Ya plastiki ukiifuta kwa upindo wa kanga wenye vumbi, mwaka haujaisha imeshakuwa na ukungu. Akinunua Muscat, umeme wao na plagi yao ya miguu mitatu bapa vinaingia hapa bila shida. Angekuwa Marekani ningekwambia uache, kule taa nyingi ni za volti 120 na sisi tuna 230. Pima pia unene wa ubao wa meza yako kabla hajanunua, kwa sababu kibanio cha taa kina mwisho wake.

Na kioo hicho kikae na kifuniko chake kila unapoondoka. Nasema kama mtu aliyenusa. Niliacha kioo dirishani, jua la saa sita likapita ndani yake, nikiwa jikoni nikasikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa. Nilikuta kitone cha kahawia kwenye satini ya mtu, katikati kabisa ya kifua, na moshi mwembamba. Ningechelewa kidogo ningepoteza zaidi ya satini.

Kofia, lakini, hailali. Unaigeuza, unaingiza vidole ndani, unaizungusha kiua kwa kiua. Kwa kazi ya namna hiyo kioo kinapaswa kufuata kichwa chako. Ndiyo maana ningekwambia uchukue kile cha kuvaa kichwani, chenye lenzi mbili, jicho moja moja. Sharti moja tu: chukua lenzi dhaifu kuliko zote zilizopo. Najua mkono utataka kuchagua ile yenye X nyingi kwa bei ileile. Uzuie.

Tazama mfano wa OptiVisor ya Marekani, ambayo mafundi wa vito wameizoea: lenzi yao namba 3 imeandikwa mara 1.75, kwa hesabu ile ya kuongeza 1, na unakaa inchi 14 kutoka kwenye kazi. Namba 5 ni mara 2.5, inchi 8. Namba 10 ni mara 3.5, na umebaki na inchi 4, pua karibu iguse kofia. Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji hawalisemi: lenzi ya kichwani ukiivaa juu ya miwani, nguvu zinajumlishwa. Ile ya inchi 14 ukiivaa juu ya miwani ya 2.00, umbali unashuka mpaka kama inchi 8. Kwa hiyo kifaa kimoja dhaifu kimekupa sehemu mbili za kushonea: bila miwani inchi 14, pamoja na miwani inchi 8. Ukianza na yenye nguvu, ukavaa na miwani, umefungiwa ndani ya kofia.

Mimi nilianza na yenye nguvu. Ilikuwa sendofu ya binti wa familia, gauni la satini lenye shanga kifuani, na nilibakiwa na siku mbili. Nikavaa lenzi ya inchi 4, naona kila shanga kama embe. Nimeshona masaa mawili kwa furaha, sijawahi kuona mishono yangu ilivyo mizuri. Nikasimama kulitundika gauni, likagoma kuniachia. Nilikuwa nimelishona pamoja na kanga niliyojifunga, mishono 30 na kitu, safi kabisa, imenyooka. Kilichokuwa nusu inchi nje ya lile duara dogo nisingeweza kukiona hata kama kingekuwa nyoka.

Hasara ya kifaa cha kichwani ni jasho. Tafuta chenye mkanda wa kitambaa unaovuliwa na kufuliwa, na feni iwe inakupiga kwa pembeni. Kwa jirani anayepita kibarazani utafanana na mchomeleaji, utazoea. Kile kitaa cha betri juu yake kinafaa umeme ukikatika, ila kwenye shanga kinameremeta moja kwa moja machoni, kizime.

Vile vya kubana kwenye miwani ni vyepesi na unavipandisha kama kope mteja akiingia. Kwenye fremu ya Sh5,000 vitavuta miwani mpaka puani. Acha kwa sasa.

Kuna njia ya tano ambayo haikuwa kwenye picha, nayo ni miwani ya pili. Moja ya cherehani, moja ya kofia. Usinunue tena kwa kubahatisha, na usivuke 4.00 bila kupimwa: hapo macho yote mawili yanalazimika kujikunja ndani kutazama kitu kilicho karibu mno, na kichwa kitauma. Ipo miwani yenye nguvu iliyotengenezwa maalumu kupunguza huko kujikunja, lakini hiyo anaandika mtaalamu.

Hata hivyo, mwanangu, ukinisikia ukimaliza barua hii nataka shilingi iende kwenye taa kabla ya kwenda kwenye kioo. Jicho la miaka 60 hupokea takriban theluthi ya mwanga unaopokewa na jicho la miaka 20. Wewe upo katikati ya safari hiyo, na unadarizi usiku. Naiona nyumba yako bila kufika: balbu moja juu katikati ya chumba, wewe umeipa mgongo, kivuli cha kichwa chako kimelala juu ya kofia. Ule uzi wa bluu kwenye baibui jeusi haukuhitaji kioo. Ulihitaji mwanga mweupe, karibu. Taa ndogo ya mezani ukiitoa futi 4 ukaileta futi 2, kitambaa kinapata mwanga kama mara nne, kwa balbu ileile. Kama unashikia sindano mkono wa kulia, taa ikae kushoto, ili kivuli cha mkono kiangukie kwingine.

Kofia ina ugumu wake, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Mwanga wa kutoka juu unaifanya yote iwe kama karatasi. Shusha taa, imulike kwa ubavu, karibu ilale; kila mshono utajitengenezea kivuli chake na utaanza kuhesabu. Kisha tandika kitambaa cheusi mapajani chini ya mshipi: kila kiua kilichotobolewa kitaonekana kama nukta nyeusi, na safu iliyorukwa itakupigia kelele. Kwa baibui, kinyume chake, tandika kitambaa cheupe, na shanga na nyuzi zipange juu ya sahani nyeupe.

Kutunga uzi kusikutie unyonge. Kata uzi kwa mshazari kwa mkasi mkali, weka karatasi nyeupe nyuma ya tundu la sindano, na ulowanishe tundu badala ya uzi. Ikishindikana kuna kile kidude cha bati chenye kiwaya chembamba. Maduka ya vifaa vya kushonea wanacho. Asubuhi, mtoto kabla hajaenda shule, atunge sindano 10 azichome kwenye sponji. Jioni atakuta umemaliza tisa.

Sasa kuna sentensi umeitupia mwishoni mwa barua kama chenji, nami ndiyo iliyonifanya nikujibu wiki hii na si ijayo. Kofia hazikumla mama yako macho. Kushona kunachosha macho, kunayakausha kwa sababu tunasahau kupepesa, lakini hakupofushi. Weupe katikati ya jicho la mtu mzima, mara nyingi, ni mtoto wa jicho: lenzi ileile niliyokuambia inakakamaa, ikiendelea na umri hufifia na kuwa na ukungu. Huondolewa kwa upasuaji, ikawekwa lenzi ya bandia, na watu wengi huona tena. Sijamwona mama, siwezi kusema ndicho alicho nacho, maana weupe unaweza pia kuwa kovu juu ya kioo cha jicho, na presha ya macho inaweza kujificha nyuma ya yote hayo. Ndiyo maana aende. CCBRT pale Msasani wana kitengo kikubwa cha macho, Muhimbili wapo, na kwa mtu wa Magomeni, Mwananyamala haiko mbali. Ulizia siku za kliniki ya macho na mfike mapema.

Mwende wote wawili. Wewe umevuka 40, na kama kwa mama itakutwa presha ya macho, mtoto wake hutakiwa kupimwa, kwa sababu hutembea katika familia na haiumi. Inakula pembeni kimyakimya. Waambie kama una kisukari au hujawahi kupimwa. Sukari ikipanda na kushuka, namba ya miwani nayo huyumba, na utanunua miwani ya Jumatatu isiyofaa Ijumaa. Ikitokea unaona vimulimuli au vitone vingi vya ghafla, mistari iliyonyooka ikaonekana imepinda, au jicho moja limefifia kuliko jingine, usingoje mgeni wa Muscat. Nenda siku hiyohiyo. Kioo cha kukuza kitakufichia ugonjwa kwa miezi mingi kwa sababu bado "unaona".

Siku ya kupimwa beba kofia, sindano na ile karatasi uliyoandika vipimo viwili vya inchi. Mwambie mpimaji: hapa ndipo ninaposhonea cherehani, hapa ndipo ninapodarizi. Wengi watakupa herufi za kusoma kwa umbali wa kitabu, nawe umeona kitabu na kofia si mamoja. Kwa hiyo Sh150,000 yako igawe hivi: kupimwa na miwani kwanza, taa ya mezani inayochajiwa ya pili, na kitakachobaki mpe binti akuletee cha kichwani chenye lenzi dhaifu. Kama hakibaki, anza bila hicho. Mwezi mmoja na taa nzuri na miwani ya inchi 10 unaweza kugundua hukukihitaji. Taa ya kioo ingoje mchezo mwingine, au ingoje mabaibui yaongezeke.

Na ile kofia iliyo ndani ya mfuko itoe, lakini usiifumue usiku. Iache mpaka asubuhi, watoto wakishaondoka, uketi mlangoni mwanga ukiingia kwa ubavu, na kitambaa cheusi mapajani. Mwite mama akae nawe. Hata bila macho, vidole vyake vitakuonyesha safu ilipokatikia.

Shangazi